Moto Mkali na Moto Mwingi

Tulimwita Msimamizi kwa sababu mwenyewe alikataa kuitwa nyapara. Nyapara, alisema, ni mtu wa kusimama barabarani na kiboko akihimiza wavunja mawe. Yeye alikuwa amesoma. Kwa hiyo tukamwita Msimamizi mbele yake, na nyuma yake pia tukamwita Msimamizi, maana hakuna aliyemjali kiasi cha kumtafutia jina la utani.

Nilifanya kazi chini yake miaka sita pale Itigi, wakati wa Mwingereza, kwenye ua wa kuyeyushia nta nyuma ya stoo ya tajiri mmoja Mhindi. Warina asali walileta masega kutoka vichakani, wengine wakitoka mbali, upande wa Mitundu. Sisi tuliyachemsha, tukachuja kwa magunia, tukaiyeyusha nta mara ya pili ili itakate, kisha tukaimimina kwenye karai ikagande. Ikiisha kuganda ilipandishwa kwenye behewa. Ilikuwa kazi ya mikono na macho. Mtu mwenye miezi mitatu kazini aliweza kuitazama nta ikizunguka ndani ya pipa na kujua imefika wapi. Msimamizi alikaa pale miaka yote hiyo bila kujua, na hakuona aibu, kwa sababu alikuwa na kipimajoto.

Kilikuwa kijiti cha kioo chenye digrii za Kiingereza za zamani, si hizi za siku hizi, na urefu wa shubiri moja na zaidi kidogo, ndani ya kibweta cha bati alichokibeba kwenye mfuko wa koti. Koti hilo hakulivua hata mwezi wa Oktoba, sisi tukiwa vifua wazi. Alikuwa akija penye pipa kwa hatua fupi fupi, anakitoa kijiti, anakichovya, anakitazama kwa jicho moja, kisha anatangaza namba kama mtu anayesoma barua ya Serikali. Ukimwambia jambo lolote lisilolingana na namba hiyo alikujibu maneno mawili tu: "Kipimo kimesema." Hapo mazungumzo yameisha. Angeweza kuwa amesimama ndani ya nyumba inayoungua na bado angeuliza ni digrii ngapi.

Nianze na salamu, kwa kuwa kwetu mtu hujulikana hapo kwanza. Alitaka shikamoo kutoka kwa kila mtu. Walikuwapo warina asali wenye mvi, watu wa umri wa baba yake, waliotembea siku mbili na mzigo kichwani. Mzee wa namna hiyo akiingia uani, Msimamizi aliitika "Marahaba" kabla mzee hajafungua mdomo. Siku moja mzee mmoja alisimama, akautua mzigo wake chini taratibu, akasema, "Mwanangu, mimi sijakuamkia." Msimamizi akamwambia asubiri nje mpaka nta ya wengine iishe kupimwa. Mzee akakaa juani mpaka alasiri. Nasi tuliokuwa ndani tukaendelea kuchochea moto, hakuna aliyesema neno. Hilo nalo nalisema, maana nikimdharau yeye tu nitakuwa nimepima nusu.

Mtu akiugua alipelekwa mezani kwake. Alikuwa akikifuta kile kijiti kwa leso, kikiwa bado kina utando wa nta, na kukipachika kwapani kwa mgonjwa. Kikionyesha tisini na nane, mgonjwa ni mzima. Kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyeharisha damu siku nne. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, lakini mwili haukuwa na homa. Tisini na nane. Akarudishwa kwenye kuni. Saa sita mchana akaanguka juu ya magogo aliyokuwa akiyabeba. Msimamizi akaja, akapiga goti moja kwa uangalifu asichafue suruali, akampima palepale chini. Tisini na saba. Akasimama akasema mgonjwa anaendelea vizuri.

Kubwa kuliko yote lilikuwa jambo la maji. Alikuwa na kitabu kilichosema maji huchemka kwenye mia mbili na kumi na mbili. Ya Itigi yalichemka kwenye mia mbili na nne. Mwingine angejiuliza kuna nini hapa, kama ni nchi yetu kuwa juu au ni hewa yake. Yeye aliamua kwamba sisi ni wavivu. Akatuamuru tuongeze kuni. Tukaongeza. Maji yakatokota mpaka yakarukia nje ya pipa, na namba ikabaki mia mbili na nne. Tukaongeza tena. Nusu ya pipa ikaenda hewani kwa mvuke, na ile namba haikupanda hata unywele. Akaandika kwenye daftari lake kwamba kuni za Itigi ni hafifu.

Na nta ilimtesa vilevile. Ukiwasha moto chini ya pipa la nta ngumu, namba hupanda vizuri mpaka mia moja arobaini na nne. Hapo nta inaanza kuyeyuka, na namba inasimama. Unatia kuni, inasimama. Unatia tena, imesimama tu, mpaka kipande cha mwisho kiyeyuke ndipo inapoanza kupanda upya. Sisi tulijua hivyo na tulingoja. Msimamizi alitutazama kwa macho madogo na kuuliza, "Kuni zimekwenda wapi? Namba haikupanda. Nani anazichukua kwenda nyumbani?" Jioni moja alinisimamisha langoni, akanipekua mbele ya watu kama mwizi wa kuku, akitafuta magogo ndani ya kaptula.

Nilifika nyumbani nimevimba kwa hasira. Mke wangu alikuwa amekaa jikoni anayeyusha samli. Nikamweleza. Hakushangaa.

"Huyo hajapika maishani mwake," alisema.

"Anasema moto umepotea."

"Haujapotea. Umeingia kwenye samli. Samli ngumu haikubali kulainika bure, inakula moto kwanza. Umo humo ndani, ila kile kijiti chake hakiuoni."

Akachukua sindano ya kushonea, akaishika kwa kibanio cha mkaa, akaitia kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu kabisa. Kisha akaitumbukiza ndani ya bakuli la maji ya baridi. Ikalia "tss" na kunyamaza. "Tia kidole humo," akaniambia. Nikatia. Maji yalikuwa ya baridi kama mwanzo. Halafu akatwaa chungu cha maji aliyoyapasha kwa ajili ya kumwogesha mtoto, maji ya vuguvugu tu, akaliweka lile bakuli ndani yake. Kitambo kidogo akaniambia nitie kidole tena. Maji ya bakuli yalikuwa yamepata moto.

"Sindano ilikuwa na moto mkali lakini mdogo," alisema. "Chungu kina moto mpole lakini mwingi. Huyo Msimamizi wako anaujua ukali tu. Wingi hakuwahi kuusikia."

Aliyasema haya akigeuza samli, wala hakuona kama amesema neno kubwa. Mimi nililala nikiwaza kwamba mwanamke asiyejua hata kuandika jina lake amelimaliza jambo ambalo mwenye koti na daftari alishindwa kulianza.

Nilifikiri Msimamizi hakujua. Hapo nilikosea, na kosa hilo ndilo lililoifanya dharau yangu iwe kamili. Masika fulani paa la nyumba yake lilivuja, akatuita mimi na mwenzangu tuhamishe sanduku lake la vitabu. Daftari moja la shule lilianguka likafunguka. Mimi nilisoma kidogo misheni, kwa hiyo nililiokota nikasoma. Kwa mwandiko mzuri, wa herufi zilizolala upande mmoja kama nyasi kwenye upepo, alikuwa ameandika zamani akiwa mwanafunzi: "Kipimajoto hutuambia ukali wa joto. Hakituambii wingi wa joto lililomo ndani ya kitu. Kikombe cha maji na pipa la maji, vikiwa na digrii sawa, havina joto sawa ndani yake." Chini yake mwalimu ameandika kwa wino mwekundu, "Vema sana." Alinakili, akapewa alama, akafunga daftari. Maneno yalipita mkononi mwake kuelekea kwenye karatasi bila kusimama kichwani hata mara moja.

Mwandiko huo ulikuwa kitu chake kimoja cha kusifiwa. Aliwaandikia barua wanawake ambao waume zao walikwenda kwenye mashamba ya mkonge, na hakudai chochote, hata yai. Jumapili walipanga foleni mbele ya nyumba yake, naye akaandika mpaka wa mwisho. Nasema haya kwa sababu ni kweli, si kwa sababu yananilainisha moyo. Mwanamke mmoja alimwambia, "Mwandikie kwamba mtoto amekufa, na mimi silali, na kila nikisikia treni natoka nje." Akaandika: "Nasikitika kukuarifu kuhusu kifo cha mtoto. Sisi wengine hatujambo." Mwanamke akaichukua, akashukuru. Hakujua kusoma.

Sasa nieleze habari za Ntandu. Ntandu alikuwa mwenzangu wa kwetu Mtinko, upande wa Singida, tuliyekuja naye Itigi kwa miguu tukitafuta kazi, mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa pumzi bila sauti. Alikuwa mchezaji ngoma hodari kuliko wote tuliowajua. Pale uani sisi wawili tulishika kazi moja: yeye upande mmoja wa pipa, mimi upande wa pili.

Mwaka huo asali ilikuwa nyingi na karai hazikutosha. Tajiri alikuwa amepata behewa, na treni ya mizigo ilikuwa inapita jioni ya siku hiyo. Msimamizi akaamua nta iliyobaki isimiminwe, bali igandie humohumo ndani ya nusu pipa, itoke kipande kimoja kikubwa. Saa nne asubuhi akapima karai ya mwisho: mia moja arobaini na nne. Akapima nusu pipa: mia moja arobaini na nne. Alifurahi sana kwa kulingana huko. Ilipofika saa saba ile karai ilikuwa imeganda mpaka chini, ukiigonga inalia kama ubao. Saa nane akaja akatuambia tulipindue pipa.

Juu pipa lilikuwa na ganda gumu la rangi ya njano, zuri la kutazama. Niliweka kiganja ubavuni mwake nikakiondoa haraka.

"Bwana Msimamizi," nikasema, "hili bado. Ndani ni uji."

"Lilikuwa digrii ngapi saa nne?"

"Mia moja arobaini na nne."

"Na karai?"

"Vilevile. Lakini humu ndani zimo karai kumi na nne."

"Sikukuuliza karai ngapi. Nimekuuliza digrii ngapi."

Kisha akafanya jambo ambalo nikilikumbuka hata sasa meno yangu yanabana. Alikwenda kwenye sufuria ndogo iliyokuwa mekoni palepale uani, akapima nta iliyokuwamo, akatikisa kichwa kuridhika, akachovya kijiti cha mti na kudondosha tone moja juu ya mkono wake mwenyewe. Tone likaganda palepale. Akalibandua kwa ukucha, akatuonyesha ngozi. "Ni namba ileile," alisema. "Nimekufa? Kipimo kimesema. Pindueni, treni haitawangoja."

Ntandu alinitazama. Alikuwa na desturi ya kunitazama mimi kwanza kwa kuwa nilisoma kidogo. Nilikuwa nimekwisha kusema mara moja. Mara ya pili nikanyamaza. Niliinama nikashika ukingo wa upande wangu, naye akashika wa kwake, tukainua.

Ganda likapasuka upande wake. Nta haikuruka, haikutoa sauti kubwa. Ilimwagika kwa uzito, kama uji mzito unavyotoka chunguni, ikamfunika miguu kutoka magoti kwenda chini, ikakaa. Tone likiguswa na ngozi linatoa moto wake wote mara moja na kwisha. Ile haikwisha. Iliganda juu yake polepole kama soksi, na ilivyokuwa inaganda ndivyo ilivyoendelea kumpa moto iliokuwa nao ndani. Ntandu alijaribu kupiga hatua akashindwa. Alisema kwa Kinyaturu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nitoe." Nilimvuta. Nilipoanza kuibandua nta, ngozi ilikuja nayo.

Mke wangu alisikia kelele za watu kutoka nyumbani kwetu, nyuma ya ua, akaja na mtungi wa maji, akammwagia bila kugusa kitu. Ndiye pekee aliyejua la kufanya. Msimamizi alikuwa amesimama penye sufuria ndogo, kijiti mkononi, akirudia namba kwa sauti ya chini.

Ntandu alilala hospitali ya misheni miezi mitano. Mguu wa kushoto ulipona vibaya: vidole vilijikunja chini na kisigino kikavutwa juu. Hakucheza ngoma tena. Tajiri alitaka maelezo ya maandishi, na Msimamizi akaandika ukurasa mzima kwa ule mwandiko wake. Niliuona mezani. Sentensi ya mwisho ilisema: "Nta ilikuwa na digrii mia moja arobaini na nne, chini sana ya chai inayonywewa kila siku, na haiwezi kumdhuru mtu mzima isipokuwa kwa uzembe wake." Tajiri akasoma, akaikunja, akaitia kwenye saraka ya meza yake. Msimamizi akaendelea na kazi. Na mimi nikaendelea na kazi miezi minne zaidi, nikamwamkia kila asubuhi, kwa kuwa nilikuwa na watoto. Halafu nikarudi Mtinko kulima.

Nilimwona tena Msimamizi baada ya miaka minane hivi. Bendera ya Mwingereza bado ilikuwa bomani, ingawa watu walikuwa wameanza kuongea kwa sauti. Nilikuwa nimekwenda Itigi kumpokea shemeji yangu kwenye treni, naye hakushuka. Mtu akaniita kutoka nyuma kwa jina langu, na kunisalimu yeye kwanza.

"Habari za siku nyingi, bwana."

Sikumtambua mpaka nilipolitazama koti. Lilikuwa limechanika kwapani, na mwili ndani yake ulikuwa umepungua. Tajiri alikuwa amefunga ua wa nta, akamwacha bila kitu. Alikuwa anaishi chumba cha nyuma kwenye nyumba ya muuza mkate. Nilimjibu kwa ufupi. Nilingoja aniombe chakula, na nilikuwa nimekwisha kuandaa namna ya kumnyima.

"Yule Ntandu," alisema, "yuko wapi?"

"Mtinko."

"Anatembea?"

"Anatembea kwa fimbo. Ng'ombe wake anachungiwa na wadogo zake."

Alitazama reli. "Nimetaka kwenda kumwona. Kila mwaka nimetaka."

"Na ukimwona utamwambia nini?"

"Sijui. Nitakaa naye tu."

Nilimtazama nikitafuta ule uso wa zamani niutemee mate, sikuuona. Hilo lilinikera kuliko kama ningeuona. Nikasema, "Lori la chumvi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya stesheni, linakwenda Singida. Mimi nitakuwamo. Ukitaka, njoo." Nilisema hivyo nikiwa na hakika kwamba hatakuja.

Asubuhi nilipanda mbele na dereva. Saa kumi na mbili ikafika, hakuna mtu. Dereva akawasha injini, akaiacha iungurume, akashuka kufunga turubai, akarudi. Lori lilipoanza kugeuka ndipo nilipomwona kwenye kioo cha pembeni, anatoka upande wa maduka, anakimbia kwa zile hatua zake fupi fupi. Mkono mmoja alikuwa ameuinua. Kwapani alibeba kuku mweupe aliyefungwa miguu kwa kamba, kama mtu anayekwenda ugenini kwa heshima.

Dereva naye alimwona. Akakanyaga breki kidogo. "Yule ni wako?"

Nilimfikiria Ntandu. Ninamjua. Angempokea, angemkalisha kwenye kiti, angeagiza kuku yuleyule achinjwe, na kabla ya jioni angekuwa amemsamehe, akicheka kile kicheko chake cha pumzi. Kisha mmoja wao angelitaja pipa, na lile pipa lilishikwa na watu wawili. Katika miaka yote hiyo mimi na Ntandu hatukuwahi kulizungumza.

"Simjui," nikasema. "Twende."

Tulilala Singida mjini. Kesho yake jioni nikapita kwa Ntandu, nikamkuta nje ya nyumba amenyoosha mguu wake juu ya gunia. Mkewe akaniletea togwa. Ntandu akauliza habari za safari, kisha akauliza kama Itigi nilimwona mtu yeyote wa zamani.

Nikamwambia hapana, watu wa zamani wote walishaondoka.